Mkwe Wangu na Kipimo cha Choo

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa karai limejaa viberiti, na ndani ya kila kiberiti kulikuwa na choo cha mtu. Nasema choo kikubwa, siyo mkojo. Anayesoma haya huku anakula aweke sahani pembeni kwanza, maana sina namna nyingine ya kuieleza kazi niliyoifanya na sitaipaka manukato.

Nilikuwa mjane, nimeshuka kutoka Vudee, milimani Upare, na binti yangu mmoja, Nakiete, na shule niliishia darasa la nne. Nafasi niliyopewa kwenye hospitali pale Same iliitwa mhudumu wa maabara. Mimi nilidhani nitafagia. Bosi wangu wa kwanza alikuwa Fundi Sanifu wa Maabara, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja wa sikio. Akanitazama nilivyosimama na ufagio wangu.

"Mama, huo ufagio utasubiri. Fungua viberiti."

"Kuna nini ndani?"

"Mali ya wananchi."

Nikafungua cha kwanza, nikakifunga hapo hapo. Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Mama Nakiete, mwenye kinyaa hapa hana kazi. Tumbo la mtu halina mdomo. Likitaka kutwambia kitu linatwambia kwa hiki. Sasa fungua, chukua kijiti, nikuonyeshe."

Ilikuwa ile miaka baada ya vita, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na kiberiti chenyewe kwa foleni. Kwa hiyo mtu akishaacha kipimo chake dirishani haondoki. Anasubiri kasha. Nilikuwa nakitoa choo kwa kijiti, nakiweka kwenye kigae, nalikung'uta kasha na kumrudishia mwenyewe, naye analitia mfukoni kama kawaida. Fundi Sanifu hakuwahi kuzoea.

"Nyie Wapare mna kazi. Hata kasha la mavi mnalidai?"

"Na nyie kwenu mnaleta kwenye jani la mgomba," nikamjibu, "kwa sababu jani halina kazi nyingine."

Tulitaniana hivyo miaka yote, lakini kazini hakuwa na mzaha. Alinifundisha kuandaa kioo. Unachukua kipande kidogo cha choo, kadiri ya kichwa cha njiti, unakikoroga kwenye tone la maji ya chumvi upande mmoja wa kioo, na kwenye tone la ayodini upande wa pili. Unafunika. Yeye anaweka chini ya darubini na kutafuta. Umeme ukikatika, na ulikatika sana, darubini tuliisogeza dirishani, na kile kioo kidogo cha chini yake kikageuzwa kulipokea jua. Vioo vya kuwekea vipimo havikuwepo vya kutupa. Nilivisugua kwa majivu, nikavisuuza, nikavianika, kesho tunavitumia tena.

Nilijifunza pia kipimo cha damu kutuama. Damu inachanganywa na dawa ya kuizuia isigande, inanyonywa kwenye mrija mwembamba wa kioo, na mrija unasimamishwa wima saa nzima. Chembe nyekundu zinashuka taratibu, juu yanabaki maji ya manjano. Mwenye afya, zinashuka kidogo. Mwenye kuvimba mahali ndani ya mwili, zinaporomoka. Hakikwambii ni wapi kumevimba wala ni kwa nini. Kinakwambia tu kwamba ndani kuna moto. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mrija haulali, haupigwi na jua, na hakuna mjinga anayebamiza mlango. Niliwafukuza wengi pale mlangoni, wakiwemo wakubwa.

Jambo ambalo Fundi Sanifu alilishika kuliko yote ni hili: choo chenye damu lazima kiangaliwe kikiwa cha moto. Amiba anayeshambulia utumbo anatembea, na kutembea kwake ndiko kunakomtambulisha. Kikipoa, anatulia, anakufa, hana tofauti na takataka nyingine. Mtu kashuka na lori kutoka mlimani tangu alfajiri, kiberiti kifuani, anafika saa nne, choo kimekauka kama ugoro. Fundi Sanifu anamwambia atoe kingine pale pale, chooni kwetu. Mtu anakataa. Kwa nini? Ana haya. Hakuwa na haya ya kubeba kinyesi katikati ya abiria, lakini kuingia chooni kwa hospitali na kutoka na kikopo watu wakimwona, hilo haliwezekani. Kila siku ya Mungu nilibishana nao. Wengine walikwenda nyuma ya ukuta wakarudi na kitu cha mbuzi. Nawaambia wajukuu zangu hawaamini, lakini choo cha mbuzi tulipokea.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa, sabuni ikawa ya kuchagua harufu, mitumba ikamwagwa sokoni. Kando ya barabara kuu ya Moshi na Dar yakaota maduka ya dawa, na nyuma ya maduka ya dawa vikaota vyumba vimeandikwa maabara. Darubini moja, kijana mmoja, na koti jeupe. Sisemi wote walikuwa wabaya. Nasema nilivyoona. Mtu yeyote aliyeingia mle akishika tumbo alitoka na amiba. Akishika kichwa, taifodi. Akishika vyote viwili, amiba na taifodi, na dawa zilikuwa hapo hapo mbele, upande wa duka. Dereva, mkulima, mama mjamzito, wote ugonjwa mmoja na vidonge vilevile. Mimi nimeosha vioo vya watu wa wilaya hii miaka na miaka, na matumbo yao hayakuwahi kufanana hivyo.

Wakati huo Nakiete alikuwa ameolewa na alikuwa na mtoto wa kike, Upendo. Mume wake jina lake silitaji. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana. Hatupeani mkono, hatuli sahani moja, na nikimkuta njiani mmoja wetu anapisha. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Nakiete nami nimesimama hapo hapo, na mimi namjibu Nakiete. Nitamwita Baba Upendo, kama ninavyomwita siku zote.

Baba Upendo alikuwa mwalimu, akaacha ualimu akaingia kwenye mitumba. Alikuwa na meza nzuri pale sokoni Same, mashati ya kiume. Mara akaanza kukonda. Nakiete akaja kwangu siku moja ananong'ona kana kwamba kuta zitamshtaki: mume wake anaharisha damu. Anakwenda chooni mpaka anachoka kurudi. Meza anaiacha kwa jirani, wateja wanaondoka na mashati.

"Mlete hospitali," nikasema.

"Amekwisha pima, mama. Pale barabarani. Wamesema amiba."

"Akapona?"

"Amemeza dawa zote. Wakampima tena, wakasema bado amiba. Na taifodi."

"Basi mlete tufanye sisi."

Akajifunga kanga vizuri, akaniaga. Nilipaswa kumshika pale pale nimwulize anakimbia nini. Lakini baada ya siku chache aliniletea kikopo cha mafuta ya mgando, kimefunikwa vizuri na karatasi, akasema cha Baba Upendo. Nikafurahi. Nikaandaa kioo mwenyewe kwa uangalifu kuliko vioo vyote. Fundi Sanifu akaangalia, akaandika: vifuko vya amiba waliolala, na mayai ya safura, yaani wale minyoo wanaonyonya damu tumboni. Baba Upendo akapewa flajili ya kuua amiba na dawa ya minyoo. Akazidi kuharisha. Nakiete akaleta kikopo kingine. Majibu yakawa yaleyale, mayai ya safura kama hakuna dawa iliyomezwa.

Safari hii Fundi Sanifu aliniita dirishani, akavua miwani.

"Mama, mkweo anatoka damu kweli?"

"Nakiete anasema damu tupu."

"Basi mimi sioni hata chembe moja nyekundu. Choo kimeshikana, kizuri, cha mtu anayekula makande akalala. Hiki siyo chake."

Nilitoka kazini nikiwa nimevaa koti la kazi, sikulivua. Nakiete nilimkuta uani anafua shuka. Maji ya karai yalikuwa na rangi ambayo sikuhitaji kuelezwa.

"Nakiete, kile choo cha juzi ni cha nani?"

"Cha Baba Upendo."

"Hapo unafua shuka ya nani?"

"Ya Baba Upendo."

"Shuka ina damu, choo hakina damu. Nieleze mimi niliyeishia darasa la nne."

Akainamia karai. "Mama, alikataa. Alisema hawezi kumpa mama mkwe choo chake akichokonoe na kijiti. Akasema bora afe."

"Kwa hiyo ukaniletea cha nani?"

Akaikamua shuka ileile mara ya pili.

"Nakiete."

"Changu."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Choo chako nilishamaliza kukiosha ulipokuwa mtoto. Nani kakwambia nimekikumbuka?"

Akaanza kucheka, na kabla hajamaliza kucheka akawa analia. Sikumbembeleza. Mume kameza dawa ya minyoo ya mke, mke kabaki na minyoo yake, na ugonjwa wa mume haujaguswa na mtu yeyote. Wote wawili wamesoma kuliko mimi. Nikamwambia ameze dawa ya safura kesho yake asubuhi na amlete mume wake hospitali, kwa hiari au kwa machela.

Ikawa kwa machela. Alianguka sokoni, katikati ya mashati, na wapagazi wakamleta wamembeba juu ya robota la nguo.

Mganga Mfawidhi wetu wakati huo alikuwa mtu aliyepitia jeshini, mfupi, sauti kavu. Mganga Mfawidhi ndiye mkuu wa hospitali, na huyu alikuwa mkuu kweli, hata kuku waliokatiza uani walimwogopa. Akampima Baba Upendo, damu ikakutwa imepungua vibaya. Kipimo cha damu kutuama, mrija niliusimamisha kwa mkono wangu: chembe nyekundu ziliporomoka mpaka nikadhani nimekosea kuweka. Hapo mkwe hakuweza kuzuia, damu inatolewa na muuguzi kwa sindano. Lakini choo alikizuia. Alikuwa anaona ni mimi ninayepita wodini na kikapu cha vipimo asubuhi. Akiniona mlangoni anavuta shuka mpaka utosini. Nikishapita anajikokota kwenda choo cha shimo nyuma ya wodi, anarudi ameshika ukuta, na kile tulichokihitaji kimebaki shimoni.

Siku ya pili au ya tatu Mganga Mfawidhi aliniita barazani, Fundi Sanifu akiwa pembeni.

"Mama Nakiete, nisikilize. Kuna magonjwa mawili hapa yanayofanana sana. La kwanza ni amiba. La pili ni mwili wenyewe kuushambulia utumbo wake mpana, unavimba, unachubuka, unatoka damu, na hakuna mdudu. Dawa ya la pili inashusha ulinzi wa mwili. Nikimpa mtu mwenye amiba, utumbo unaweza kutoboka akafa mikononi mwangu. Nisipompa na hana amiba, atakwisha damu, atanifia vilevile."

"Sasa si umpime choo, daktari."

"Hatoi. Nimemuuliza, anaangalia dari. Kwenye wodi yangu hakuna mtu anayeangalia dari. Ana nini huyu?"

Fundi Sanifu akakohoa. "Mama ni mkwe wake."

Mganga Mfawidhi alitugeukia kwa zamu, mimi, yeye, mimi. Alikuwa mtu wa Rukwa, sijui kwao wanaheshimiana vipi. "Yaani mtu anakufa kwa sababu ya nani anashika kijiti?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi wewe kuanzia saa hii uko kwa madobi."

"Sijafanya kosa."

"Sikusema kosa. Nimesema toka maabara."

"Na vipimo nani atapokea?"

"Fundi Sanifu ana mikono miwili, nimeiona."

Niliondoka nimekasirika, sitaficha. Kile chumba nilikijua kuliko jikoni kwangu. Lakini nilipita kwanza wodini. Sikuingia, nilisimama mlangoni, na kwa sababu siwezi kusema naye nikasema na muuguzi, kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho.

"Muuguzi, mwambie yule aliyejifunika shuka kichwani kwamba mimi sipo maabara tena. Nimehamishiwa kwa madobi. Huko hatupokei choo, tunapokea shuka. Kwa hiyo akiendelea kuzichafua zitakuja kwangu zote. Beseni litakwenda kwa Fundi Sanifu. Achague."

Mzee mmoja wa kitanda cha pembeni, mkata mkonge, akacheka mpaka akashika mshono wake. "Bwana," akamwambia, "hapo umezingirwa. Omba beseni."

Akaomba beseni.

Nilikuwa bado naonyeshwa mapipa ya kuchemshia shuka Fundi Sanifu alipokuja mbio, miwani mkononi. Alisema alilipokea beseni kitandani, akakimbia nalo, akaisogeza darubini dirishani penye jua, na akaangalia mpaka jicho likamuuma. Damu tele, chembe za usaha tele, ute. Amiba anayetembea hakuna hata mmoja. Walirudia asubuhi iliyofuata na nyingine, kila mara kikiwa cha moto, mpaka Mganga Mfawidhi akaridhika. Akampandisha gari kwenda hospitali ya rufaa Moshi, na Nakiete naye.

Moshi walimwingiza mpira wenye taa kwa nyuma na kuona utumbo mpana umevimba na kuchubuka, kama Mganga Mfawidhi alivyohisi. Wakampa prednisoloni, ile dawa ya kushusha ulinzi. Damu ikapungua, akaanza kuomba uji, kisha ugali. Wakamwongezea vidonge vinaitwa salfasalazini vya kumshikilia asirudie. Hapo nako kukazuka mapya. Mwili ukamtoka vipele, midomo ikachubuka, homa. Vidonge vikasimamishwa haraka. Kumbe kwenye jengo hilohilo kulikuwa na mama kutoka kwenye shamba la mkonge, ana ugonjwa huohuo, anameza vidonge hivyohivyo na ananenepa. Nakiete akamuuliza daktari wa Moshi inakuwaje dawa imponye huyu na imchune huyu.

"Dada," daktari akamwambia, "jina la ugonjwa ni moja. Miili ni miwili."

Wakamtafutia dawa nyingine, ambayo ndugu yake mmoja, naye wa mitumba, alikuwa anaifuata Nairobi. Hiyo nayo inaweza kuzipunguza chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na maradhi, kwa hiyo kila baada ya muda alitakiwa aende kwa Fundi Sanifu zihesabiwe, na dawa ipandishwe au ishushwe kwa kadiri ya hesabu yake yeye, siyo ya mtu mwingine. Alikwenda. Maadamu mimi niko kwenye mapipa ya shuka, alikwenda bila kukosa, anaingia kwa mlango wa mbele kama bwana.

Niliahidiwa kurudi maabara mambo yakitulia. Yakatulia. Mganga Mfawidhi akahamishwa, akaja mwingine, na huyo mwingine akaja na agizo la kupunguza wafanyakazi. Maabara walitakiwa wenye cheti. Nikaambiwa nishukuru nimebaki na kazi ya udobi. Sikushukuru. Nilisimama juu ya mapipa yale mpaka nikastaafu, macho yananiwasha moshi wa kuni, na kila nilipopita dirisha la maabara nilimwona msichana mwenye cheti ameuacha mrija umeinama.

Sasa nimestaafu, nakaa Same karibu na hospitali ileile, na watu wananiuliza kazi ilikuwaje. Ilikuwa ya kuchosha. Siyo kwa harufu, harufu unaizoea wiki ya kwanza. Kilichonichosha ni watu. Mtu atakuonyesha jino bovu, atakuonyesha kidonda kilichooza, na kuhusu choo chake atakudanganya mpaka kaburini. Na wenye kumtibu wanachoka kumbembeleza, wanampa kidonge kile walichompa aliyetangulia. Siku hizi nasikia hata taifodi watu wanajipima wenyewe kwa kujishika paji la uso.

Mjukuu wangu Upendo amesomea maabara, yuko Moshi. Ananieleza mambo. Anasema sasa kuna kipimo cha choo kinachotafuta protini, inayoachwa na chembe nyeupe zinapojaa kwenye utumbo uliovimba. Kinatoa namba. Namba ikipanda, utumbo umeanza kuwaka hata kama mtu bado anajiona mzima. Ikishuka, dawa inafanya kazi. Wanafuata namba ya mtu mmoja mwaka hadi mwaka, wanajua yake ya kawaida ni ipi, na dawa wanaipima kwa hiyo. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kama baba yake amekwisha pimwa hicho kipimo.

"Bibi, nimwambie baba yangu anipe choo?" akasema. "Unamjua lakini."

Namjua. Ndiyo maana nilikata tamaa naye zamani, nikabaki kumuuliza Nakiete tu: anakula, analala, amekwenda kupima damu? Nakiete anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Na mimi najua ndiyo ya Nakiete ilivyo.

Walikuja kunitembelea mwaka huu baada ya mavuno. Baba Upendo ana mvi sasa. Alinisalimia kwa mbali, kupitia kwa Nakiete, nikaitikia kwa mbali. Tukala, yeye barazani na sisi jikoni. Baadaye alikwenda uani, chooni. Alikaa sana. Nakiete akanitazama, mimi nikaendelea kuchambua maharage.

Alipotoka hakurudi barazani. Alisimama kwenye kona ya nyumba, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama," akaita.

Nakiete akainuka. Baba Upendo akamwashiria akae.

"Nakuita wewe, mama. Naomba uje uangalie. Sijamwaga maji."

Nikaweka ungo chini. Sikumbuki kama niliwahi kuisikia sauti yake imeelekezwa kwangu. Nikachukua tochi, nikampita pale alipopisha, nikaingia. Nikaangalia jinsi nilivyofundishwa. Damu mbichi, siyo nyingi, na ute.

"Imeanza lini?"

"Wiki hii."

"Dawa umeacha."

"Nilipunguza."

"Nani kakuambia?"

"Nilijiona mzima, mama."

Nilikuwa na maneno ya miaka yote hiyo kifuani, na nilikuwa na haki ya kuyasema. Nikamwambia Nakiete alete kikopo chenye kifuniko, kile cha plastiki, akisuuze vizuri na akikaushe, asiniletee chenye maji ndani. Akaleta. Nikanyoosha mkono nikipokee mimi, lakini Baba Upendo akakichukua yeye. Akaingia chooni, akafunga mlango. Tulisubiri uani, mimi na binti yangu. Akatoka, amefunika, amefuta nje kwa karatasi, na hakumpa Nakiete. Akanipa mimi, mkononi, vidole vyake vikigusa vyangu.

Kilikuwa cha moto. Nikamwambia avae viatu upesi na atangulie, hospitali ni hapo tu, asinipozee kipimo kwa kusimama.